Kwa Nini Nilimwita Nesi

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika kutoka Mwanza. Huku Kibamba hatujambo. Kidonda cha kifuani kinakauka, na bibi yako amenikataza chumvi kabisa.

Umeuliza kwa nini mie, nisiyelalamikaga, nilimwita nesi kwa kelele siku ya tatu baada ya upasuaji wa mishipa ya moyo. Mapigo yalianza kwenda ovyo, mara mbio, mara kama yamesimama. Daktari alisema hutokea mara nyingi baada ya upasuaji kama ule. Akanipa dawa, yakatulia.

Lakini nilikuwa nimemkumbuka Selemani. Ujanani tulibeba mizigo pamoja Kurasini. Asubuhi moja alitua gunia, akashika kifua.

"Moyo unanirukaruka, ndugu yangu."

Nikamcheka mbele ya wenzetu. "Acha uvivu, wewe. Beba!"

Akabeba. Kabla ya adhuhuri alianguka, akafariki hatujamfikisha hospitali.

Msibani mkewe alinivuta pembeni. "Shemeji, hakusema kama anaumwa?"

"Hakusema," nikamjibu.

Miaka yote hii mama wa watu anaamini mumewe hakumwambia mtu. Nasikia anaishi Wazo kwa binti yake. Daktari akiniruhusu kutoka nyumbani, nitakwenda kumweleza ukweli. Sijui atanipokeaje.

Bibi yako anataka kunisindikiza. Nimemwomba aniache niende peke yangu.

Akupendaye,
Babu