Shavu la Yasinta

Newala, Septemba 1998

Dada Magdalena,

Shikamoo. Huku mikorosho imechanua vizuri, ila maji bado ni shida.

Mdogo wetu Yasinta alirudi kutoka kwako Dar na mashavu yamejaa, watu wakamsifu amenenepa. Kesho yake shavu la kushoto likaanza kumuuma, likapauka. Alimwambia mama ni jino. Mama akachemsha maji akamkanda, akibonyeza kwa nguvu, mpaka shavu likawa la zambarau.

Mama alipotoka, Yasinta akaninong'oneza, "Ni sindano ya saluni, ya kujaza mashavu. Walinikataza kukanda. Usimwambie mama."

Nilimwambia mama, nikampakia Yasinta kwenye baiskeli hadi hospitali. Daktari anasema ngozi inakufa, anataka kujua alichomwa dawa gani. Yasinta hajui, anasema wewe ndiye uliyempeleka. Dada, kondakta wa basi akikupa barua hii, nenda saluni ukaulize, kisha piga simu hospitali.

Mama hajakulaumu. Anauliza tu kama ni mikono yake iliyomharibu mtoto. Mimi nimemwambia hapana. Daktari ameniuliza tena mama alimkanda mara ngapi.

Mdogo wako anayekungoja,
Veridiana