Kidole cha Kupimia Fremu

Jumatano, Kumsenga

Na bado nasema kosa ni la nyuki. Bwana nyuki wa wilaya alisema mzingani, kati ya fremu na fremu za masega, niache upana wa kidole. Nikaacha. Kama siku ile kidole kilikuwa kimeumwa kikavimba, hilo hakuniuliza.

Leo nimefungua mzinga. Wamejaza mapengo kwa masega ya kombokombo, nikavuta fremu moja zikaja zote. Asali yote ikamwagika majanini.

Mke wangu akacheka mpaka akakaa chini. "Baba Yohana, ulipimia kidole au muhogo?"

Mimi niliyewafundisha Kumsenga nzima kufuga nyuki!

Imebaki mizinga mitatu, nayo niliipima siku ileile. Naogopa. Kesho nitapima upya kwa kidole cha mke wangu. Nimemwambia namfundisha kazi.