Samaki wa Dada Yangu Taplelei

Sigowet, Julai 1996

Kwa mjukuu wangu Kiprono,

Chamgei. Huku sisi ni wazima. Majani chai yamechipuka vizuri, na ng'ombe wa babu yako amezaa.

Umeniuliza kama uende kuvua baharini huko Norway na wanafunzi wenzako, ama umngoje dada yako Chebet afike. Niliposomewa barua yako wivu ulinishika. Mimi bahari sijawahi kuiona.

Wivu huo naujua tangu usichana. Dada yangu Taplelei alikuwa yaya wa watoto wa Mzungu mwenye shamba la majani chai. Mzungu huyo na familia yake walienda naye Ulaya, wakampandisha boti, akavua samaki mrefu kama mkono wake. Aliporudi, majirani wote walimzunguka. Mimi nilikaa jikoni nikipuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri.

Akanifuata.

"Mbona hutaki kusikia?"

"Nimesikia. Ulivua samaki."

"Nilipomvuta niligeuka nikakuita kwa jina," akasema. "Wazungu wakacheka. Sikuwa na mtu wa kumwonyesha."

Hapo ndipo nilipomsogezea kiti.

Mngoje Chebet. Mimi nitawaonea wivu nyote wawili, na hiyo haina shida.

Nyanya yako,
Tabutany