Mkataba wa Auntie Awiti

Jumamosi, 14 Juni 2025
Ruiru tangu asubuhi, darasa la Kiingereza cha sheria. Daktari Warigia amerudisha kazi zetu. Yangu ameisoma mbele ya wote! Akasema ati mkataba ambao anayetia sahihi hauelewi ni mtego tu. Mawakili wanaosoma nasi, wa viti vya nyuma, wakacheka. Mimi nikaandika. Masters hii ni Papa alinisukuma nifanye, lakini aki imeanza kunipendeza.

Jumatatu, 16 Juni
Mashine ya kutengeneza ndoo kiwandani kwa Papa imemkata Auntie Awiti, mfanyakazi wetu wa miaka mingi, vidole viwili. Mkono wa kulia. Yule aliyekuwa akinisuka nywele za shule hapo hapo kiwandani! Papa mwenyewe alimkimbiza hospitali na gari yake, akakaa naye mpaka jioni, shati lote damu. Nilimhurumia Papa pia, kusema ukweli.
Lakini guard, ile kinga ya mikono kwenye mashine, ilitolewa mwaka jana ili kazi iende haraka. Kila mtu hapa kiwandani Thika anajua. Papa ndiye alisema itolewe.

Alhamisi, 19 Juni
Papa anataka aone matunda ya masomo yangu: nimwandikie karatasi ya mkataba. Auntie atapewa kitu kidogo, halafu atie sahihi kwamba hatadai tena, wala kwenda kortini. "Andika kama mawakili, beta, mwanangu. Ndefu. Nzito."
Kwa nini nzito? Nikauliza. Akasema kiwanda hiki ndicho kinanisomesha. Ni kweli, na ndiyo inaniuma.

Jumapili, 22 Juni
Nimeandika mbili. Ya Papa: sentensi moja, ukurasa mzima, hata mimi nilipotea katikati. Na aibu — niliifurahia! Kila neno kubwa nililosoma nimelitia.
Ya pili, fupi. Ukitia sahihi, huwezi kudai kitu kingine, hata mkono usipopona. Auntie anasoma gazeti la Kiingereza kila siku, hii ataielewa mara moja. Nitampa hii. Papa akijua, itakuwa too late.

Jumanne, 24 Juni
Auntie amekuja kutoka kwake mtaa wa Landless, mkono umefungwa. "Mansi wangu, sasa!" Papa amemwagizia chai. Nimesema naenda kuprint, kumbe nimejificha huku chumba cha printa na shajara.
Nimeshamwambia akipewa asome polepole. Amecheka. Ati asome ya nini, na ni mimi nimeandika? Mtoto wake?
Yaani! Mimi nilidhani karatasi itanisemea. Sasa ni mimi nifungue mdomo, Papa akiwa ameketi pale pale. Naogopa. Naogopa sana.
Nawaona kupitia kioo. Auntie ameomba kalamu, anajizoeza kuandika jina lake kwenye gazeti kwa mkono wa kushoto. Papa amemshikia gazeti lisiteleze.
Papa anaita: "Mansi! Kwani printa imekwama?"
Nimejibu nakuja.