Makaa ya Guniani

Alhamisi, Ramadhani 1996

Na bado wanaandika vilevile. Wiki nzima nimefundisha, na leo wasichana wa kidato cha nne wameniandikia tena kwamba mmenyuko wa kemikali unaotoa joto lazima uende upesi. Saumu ilikuwa imenishika, hasira ikawa karibu.

Nikawaonyesha kipande cha makaa nilichotoka nacho nyumbani. "Haya na hewa, yaweza kuungua au hayawezi?"

Wakasema yaweza.

"Basi mbona yamekaa guniani tangu Idi, na hewa imeyazunguka?"

Mwanaisha, akaaye nyuma kabisa, akajibu: "Kuungua yaweza, mwalimu, ila hayajapata moto wa kuyaanzisha."

Hapo ndipo. Mmenyuko kuweza kwenda hakutwambii utakwenda lini wala kwa upesi gani. Nimerudi nyumbani na moyo mwepesi.

Lakini nilipomwona mama nikayawaza tena makaa yale. Yeye na dadake, Khala Zuhura wa nyumba ya pili, hawajasemezana tangu arusi ya kaka yangu, na kila mmoja huniuliza mimi habari za mwenziwe. Kabla ya magharibi nikampelekea Khala sahani ya kaimati. "Mama asema mfuturu."

Mama hakusema. Nimedanganya na saumu yangu, na hilo lanitia wasiwasi.

Baada ya sala ya tarawehe sahani imerudi na sambusa, na aliyeileta ni Khala mwenyewe. Mama akamwambia, "Mbona wasimama mlangoni?"

Sasa wako ukumbini wanabishana juu ya arusi ile ile, kwa sauti. Sipati usingizi, wala siutaki.