Pipa la Bia Kwenye Friji Yangu

Shoga, huyu mume wangu atanitoa roho.

Lile pipa la bia limefika. Kalifunga leo, na mtungi wa gesi, na mpira, na bomba la kumiminia. Si aliapa akiwa na bia yake nyumbani ataacha baa? Na mimi nikaingia mkenge!

Narudi kutoka kazini, mashelfu ya friji yako sakafuni. Pipa limekaa humo peke yake kama bwana harusi.

Nikamuuliza, "Insulini ya mama yako umeiweka wapi?"

"Dirishani. Si pana upepo?"

DIRISHANI! Na jua la leo lilivyowaka! Dawa ya mama yake mzazi nimeikuta ya moto kama chai.

Na bia yenyewe haitoki. Povu tupu. Eti pipa limetikisika njiani, tuliache litulie mpaka kesho.

Nikaenda chumbani kumwambia mama mkwe dawa imeharibika. Unajua kanijibu nini? "Usimgombeze mwanangu. Angalau sasa atakuwa anakaa nyumbani."

Anakaa nyumbani, shoga! Mwanawe alishatoka. Kaenda baa kusubiri povu litulie.