Firigisi ya Barasa Mdogo

Wifi yangu Nekesa,

Ziwa hili kwenye picha liko Greenbelt, huku Marekani, karibu na nyumbani kwa binti yangu. Jumapili tulienda kula pale na wajukuu kwa mara ya mwisho, maana sasa shule zinafunguliwa, na mimi baada ya wiki tatu napanda ndege kurudi nyumbani. Walikimbia na kucheka mpaka wakalowa jasho. Joto la huku ni kama kukaa ndani ya sufuria iliyofunikwa.

Nilibeba kuku wa kuchemsha. Huku firigisi hufungwa kwenye kikaratasi tumboni mwa kuku, na binti yangu alikuwa akiitupa! Nikamkataza. Tangu Juni nampa Barasa mdogo, mwenye jina la marehemu kaka yako. Nilimwambia ni ya mwenye nyumba, sisi wanawake hatuigusi. Ana miaka mitano, lakini huila ameketi wima kama chifu.

Jumapili aliuma nusu, akatazama huku na huku, akanipenyezea iliyobaki chini ya meza. Akaninong'oneza kwa Kiingereza chake nile haraka, mama asione.

Nekesa, kaka yako alinifanyia hivyo hivyo miaka thelathini, jikoni, mama yenu akiwa ameketi mlangoni. Sikuwahi kumwambia mtu. Na mtoto huyu hakumwona babu yake hata siku moja.

Niliila haraka, kama alivyosema.

Mungu akutulizie hayo magoti. Jogoo wa kunipokea msimchinje, wifi. Firigisi yake tutampa nani?

Wako,
Mama Rose